Historia ya Chuo Kikuu Ianzie Darasa la Tano

Miongoni mwa mada ambazo mwalimu wa shule ya msingi huzipita kwa haraka ni historia ya vyuo vikuu. Ikitajwa, aghalabu hutajwa kwa sentensi mbili ubaoni: chuo fulani kilianzishwa mwaka fulani, na kiongozi fulani alisoma huko. Watoto hunakili, hukariri, na siku ya jaribio huurudisha mwaka ule kama walivyoupokea. Makala haya yanadai kwamba ufundishaji wa namna hiyo una madhara kuliko kutofundisha kabisa, na kwamba mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hana budi kutafuta njia nyingine. Chuo kikuu kina historia ambayo mtoto wa miaka kumi na mmoja aweza kuielewa, kuihoji na kuifanya yake, iwapo mwalimu ataiandaa vema.

Madhara yenyewe ni haya. Tumchukue mtoto wa Nzuguni, mashariki ya mji wa Dodoma. Mtoto huyo anaijua kata yake. Huyaona mabasi yakiingia na kutoka, na kila mwezi wa Agosti huwaona wakulima na wafugaji wakikusanyika katika viwanja vya Nane Nane. Kilomita chache kutoka kwao kipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika eneo la Chimwaga. Huenda mama yake huwauzia wanafunzi wa chuo mboga au karanga. Lakini ukimwuliza chuo kile ni cha nani, yamkini atajibu kwamba ni cha wasomi, au ni cha watu waliotoka mbali. Historia ya kukariri tarehe haimwondolei wazo hilo, bali humzidishia. Jambo lisiloelezwa sababu ya kuanza kwake hufanana na mlima: lipo tu, na litakuwapo. Mtoto haulizi ni nani aliyeuweka mlima pale, wala hajioni kuwa mrithi wake.

Dawa yake ni kumfundisha mtoto kuuliza. Yapo maswali matatu ambayo yanatosha kukifungua chuo kikuu chochote, kiwe cha karibu au cha mbali. Nani aliingia? Alifundishwa kwa lugha gani? Alipotoka, alikwenda kumtumikia nani? Ili mwalimu mwanafunzi aone jinsi maswali haya yafanyavyo kazi, na tuyajaribu kwa chuo kikuu kikongwe kuliko vyote vya Afrika Mashariki, yaani Makerere, huku tukikilinganisha na vyuo viwili vya kale vya Dola ya Urusi.

Nani aliingia?

Makerere haikuanza kama chuo kikuu. Ilianza mwaka 1922 huko Kampala, katika Himaya ya Uganda iliyotawaliwa na Waingereza, ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo, na wote walikuwa wavulana. Baadaye yaliongezwa mafunzo ya utabibu, kilimo, mifugo na ualimu. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilipendekeza chuo hicho kikuzwe kiwe cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki nzima. Wasichana wa kwanza waliingia mwaka 1945, na walikuwa sita. Mwaka 1949 chuo kikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakaanza kusomea shahada za London.

Kwa mtoto wa Tanganyika wa zama hizo, njia ya kwenda Makerere ilikuwa nyembamba mno. Julius Nyerere alianza shule ya msingi Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaingia shule ya Tabora mwaka 1937, na akafika Makerere mwaka 1943. Kitabu cha darasani kitamtaja Nyerere kwa sababu alifika. Mwalimu mzuri atawauliza watoto juu ya wale ambao hawakufika: wale walioanza naye darasa moja na kuachia njiani, na dada zao ambao hata hiyo njia hawakuonyeshwa. Swali la nani aliingia halikamiliki bila swali la nani aliachwa nje.

Mtoto asije akadhani kwamba milango myembamba ilikuwa mikosi ya Waafrika peke yao. Hapo ndipo mfano wa mbali unapofaa. Kando ya mto Volga uko mji wa Kazan, ambao ulikuwa makao makuu ya utawala wa Watatari hadi Warusi walipouteka mwaka 1552. Mwaka 1804 Tsar Aleksanda wa Kwanza alianzisha chuo kikuu katika mji huo. Hali yake haikuwa mbali na ya Makerere: dola kubwa ilijenga chuo mbali na makao yake makuu ili kiipatie watumishi, yaani waganga, walimu, makarani na mahakimu. Watatari, ambao mji ulikuwa wao tangu zamani, walikuwa wachache sana humo. Wanawake nao walifungiwa mlango wa vyuo vikuu vya Urusi kwa sheria ya mwaka 1863. Hata hivyo, kijana mmoja aitwaye Ilya Ulyanov, mtoto wa fundi cherehani wa Astrakhan, ambaye baba yake alizaliwa katika utwana, alipenya akasoma hisabati na fizikia. Wengi humkumbuka kwa sababu ni baba yake Lenin. Sisi walimu tunayo sababu nyingine ya kumkumbuka, nayo tutaifikia.

Kwa lugha gani?

Swali la pili lina uzito wa pekee kwa mwalimu wa Tanzania, kwa kuwa wanafunzi wake wanafundishwa kwa Kiswahili na kesho watahitajika kujifunza kwa lugha nyingine.

Makerere ilifundisha kwa Kiingereza, na shahada zake za kwanza zilitoka London. Matokeo yake yalionekana wazi mwezi wa Juni 1962, ulipofanyika chuoni hapo mkutano wa waandishi wa Afrika. Ulikuwa mkutano mashuhuri, na wengi waliohudhuria walikuja kuwa waandishi wakubwa. Lakini ulikuwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Mwandishi mkuu wa Kiswahili wa zama hizo, Shaaban Robert, hakuwa na nafasi katika mkutano wa namna hiyo. Alifariki mwezi uleule. Yeye alisoma shule Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922, mwaka uleule ilipofunguliwa Makerere, hadi mwaka 1926, na hakupata kuingia chuo kikuu. Leo kazi zake zinasomwa katika vyuo vikuu. Watoto wakiambiwa habari hii, wenyewe wataona kwamba mlango wa lugha huwafungia nje hata watu wenye kipaji kikubwa.

Je, lugha ya chuo kikuu ni amri isiyobadilika? Historia yasema sivyo. Mji wa Tartu, ambao zamani uliitwa Dorpat, uko katika nchi ya Estonia, ambayo ilikuwa chini ya Dola ya Urusi. Chuo kikuu chake, ambacho asili yake ni ya mwaka 1632 enzi ya Waswidi, kilifunguliwa upya chini ya Tsar mwaka 1802. Kilifundisha kwa Kijerumani, maana Wajerumani ndio waliokuwa wenye ardhi, na Waestonia walikuwa wakulima wao. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya Tsar ilikigeuza kifundishe kwa Kirusi. Estonia ilijitangazia uhuru mwaka 1918, na mwaka 1919 chuo kikafunguliwa kikiwa chuo cha taifa, kikifundisha kwa Kiestonia, lugha ya wale wakulima. Chuo ni kilekile, na lugha zake zilikuwa tatu. Kila badiliko liliamuliwa na watu, kwa sababu zilizokuwapo wakati huo.

Hapa kwetu pia mambo hayakusimama. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili iliingizwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, na ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Mwaka 1970 ilianzishwa Idara ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikifundisha kwa Kiswahili chenyewe. Mwaka 1981 Taasisi ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kamusi hiyo yaweza kuwa zana bora kuliko picha yoyote ya majengo. Mwalimu aiinue mbele ya darasa aseme: kitabu hiki kimetungwa na chuo kikuu, na maneno yaliyomo ni haya tunayosema sisi. Kwa tendo hilo dogo mtoto atatambua kwamba chuo kikuu kimekwisha kuifikia shule yake.

Mwalimu wa darasa la tano hawezi kuondoa peke yake shimo lililopo kati ya shule ya msingi na sekondari, ambako Kiingereza ndicho kitumikacho. Anao wajibu wa kufundisha Kiingereza vizuri ili watoto wavuke. Lakini anao pia wajibu wa kuwaambia ukweli kwamba anayekwama kwenye shimo hilo hakwami kwa sababu akili yake ni fupi. Wangapi wamejiona wajinga maisha yao yote kwa sababu hakuna aliyewaambia hivyo?

Kumtumikia nani?

Serikali inayojenga chuo kikuu hutaraji kupata watumishi, na kwa kawaida huwapata. Lakini haiwezi kuwaamulia mapema watakaowatumikia. Mkoloni aliikuza Makerere ili apate wasaidizi. Miongoni mwa wasaidizi hao alitoka Nyerere, aliyefundisha Tabora, akaenda Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu, akaacha kazi mwaka 1955 ili aongoze TANU, na mwaka 1961 nchi ikapata uhuru. Vivyo hivyo huko Kazan: kijana Vladimir Ulyanov, aliyekuja kuitwa Lenin, aliingia chuo kikuu mwaka 1887 na kufukuzwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo kwa kushiriki mkutano wa wanafunzi.

Hata hivyo, uhuru wenyewe haulijibu swali hili mara moja na kulimaliza. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe na ya viongozi wenziwe. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, ilitoka siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Katika kufundisha tukio hili mwalimu asitangulize hukumu. Wapo waliosema wanafunzi walikuwa wabinafsi, na wapo waliosema walikuwa na haki ya kuhoji. Watoto wagawanywe makundi mawili, kila kundi litetee upande wake, kisha wabadilishane pande. Huo ni mjadala unaowezekana kabisa katika darasa la sita au la saba.

Sasa turudi kwa Ilya Ulyanov. Baada ya kumaliza Kazan na kufundisha kwa miaka kadhaa, alichukua mwaka 1869 kazi ya ukaguzi wa shule za msingi katika jimbo la Simbirsk. Alizunguka vijijini, akafungua shule, akawaandaa walimu wa kuzifundisha. Humo jimboni waliishi Wachuvashi, watu wenye lugha yao. Kijana wao Ivan Yakovlev alianzisha shule ya Wachuvashi mjini Simbirsk mwaka 1868, akasoma Chuo Kikuu cha Kazan, na akiwa bado mwanafunzi huko akatunga alfabeti ya lugha yake ili watoto wasome kwa maneno wanayoyajua. Ulyanov aliiunga mkono shule hiyo. Hawa ni watu wawili waliotoka katika chuo cha dola na kuikuta kazi yao katika shule ya kijiji. Wakati tunapowaeleza watoto faida za chuo kikuu, kwa kawaida tunawatajia marais na madaktari. Tuwatajie pia watu wa namna hii, maana wao ndio walioirudisha elimu mahali ilipoanzia.

Somo lenyewe

Njia ninayoipendekeza ni ya kutoka karibu kwenda mbali. Vipindi vinne vyatosha.

Kipindi cha kwanza kiwe cha shule yao wenyewe. Watoto waulize nyumbani na kwa wazee, kwa Kiswahili au kwa Kigogo: shule yetu ilijengwa lini, nani walichimba msingi, mwalimu wa kwanza alikuwa nani, wasichana walikuwa wangapi? Majibu yatapingana. Mwalimu asiogope jambo hilo, kwa kuwa kupima habari zinazopingana ndiyo kazi ya historia.

Kipindi cha pili kiwe nje ya darasa. Mwalimu achukue kamba ndefu na vijiti, na kila hatua moja ihesabiwe miaka kumi. Kijiti cha kwanza ni Kazan, 1804. Karibu hatua kumi na mbili mbele ni Makerere, 1922. Hatua nne kutoka hapo ni Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961. Hatua nne na nusu zaidi ni Chimwaga, 2007. Kisha kila mtoto achomeke kijiti cha mwaka aliozaliwa yeye. Watashangaa kuona jinsi walivyosimama jirani na Chimwaga, na jinsi chuo walichodhani ni cha tangu zamani kilivyo karibu rika la kaka na dada zao.

Kipindi cha tatu kiwe cha maswali matatu, kwa makundi. Kipindi cha nne kiwe cha ziara, au ziara ikishindikana, mgeni mmoja kutoka chuoni aje aulizwe maswali yaleyale. Mwalimu aliye upande wa pili wa mji aweza kutumia mahali pengine: Chuo Kikuu cha St. John's, kilichoanza mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, ambayo kabla ya hapo iliitwa Alliance. Majengo yaleyale yamepata majina matatu, na kila jina lina sababu yake ambayo watoto wanaweza kuitafuta.

Tahadhari moja inahitajika. Mtoto asiachwe akidhani kwamba elimu ya juu ililetwa Afrika kwa meli ya Mwingereza. Al-Azhar ya Cairo imekuwapo tangu karne ya 10, na Msikiti wa Riyadha wa Lamu ulivuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za pwani. Makerere ilileta kitu kipya, lakini haikukuta watu wasio na elimu.

Majibu kwa wenye shaka

Watakuwapo wasemao kwamba mada hii ni nzito kwa watoto. Uzito wake hutokana na maneno tunayochagua. Mtoto anayejua nani huchaguliwa katika timu ya mpira na nani huachwa kando analijua tayari swali la kwanza. Wengine watasema muhtasari umejaa. Ni kweli umejaa, lakini vipindi hivi vinne havihitaji somo jipya: vyaweza kuingia katika Historia ya Tanzania na Maadili, na ile kamba ya miaka ni hisabati iliyo hai.

Shaka kubwa zaidi ni ile ambayo mwalimu mwanafunzi huificha moyoni: mimi ninasoma chuo cha ualimu, sijaingia chuo kikuu, nitasemaje juu yake? Shaka hii ifukuzwe. Nyerere alipotoka Makerere mwaka 1945 hakutoka na shahada. Alitoka na cheti cha ualimu na kwenda kusimama mbele ya darasa. Jina ambalo nchi nzima ilimwita hadi kufa kwake mwaka 1999 halikutokana na shahada yake ya Edinburgh. Lilitokana na kazi hiyo unayojiandaa kuifanya.

Basi, utakapoandika andalio lako la somo, mwaka wa kuanzishwa chuo usiwe mwisho wa maelezo yako. Uandike ubaoni, kisha uwageukie watoto uwaulize ni nani waliokuwamo mwaka huo, walisema lugha gani, na walikwenda wapi. Mtoto wa Nzuguni akizoea kuuliza hivyo, siku moja ataliuliza swali la nne bila kufundishwa: na mimi je? Ndipo mwalimu atakapojua kwamba somo limefaulu.